Reli, Mkonge na Makaburi: Kutoka Taveta hadi Mackinnon Road

Taveta

Ukitoka Tanzania siku hizi hupangi tena foleni mbili. Tangu 2016 unapita Holili moja kwa moja, na upande wa Taveta unamkuta afisa wa Tanzania na wa Kenya chini ya paa moja; mmoja anakugongea muhuri wa kutoka, mwenzake wa kuingia, kisha bodaboda inakupeleka mjini. Nilikuwa nakwenda Voi na kuendelea hadi Mackinnon Road. Nilitaka kuwaona Waislamu ambao wazee wao walifika nchi ya Taita na Taveta kutoka kwingine: waliokuja na misafara, na reli, na vita, na mkonge, na wanaokuja leo na ngamia. Mimi ni mtu wa Tanga. Mji wetu nao ulijazwa na watu wa namna hiyohiyo, kwa hiyo kila nilichokiona upande huu nilikipima na cha nyumbani.

Ilikuwa Jumamosi, na Taveta soko ni Jumatano na Jumamosi. Mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa kwenye malori mpaka juu, maana chemchemi za huku hunywesha mashamba hata mvua ikikata. Nilikaa karibu na mama mmoja wa Kipare kutoka Usangi, kajitanda kanga, mbele yake turubai la maharage na magimbi. Mteja Mtaveta alisema kwa Kitaveta, yeye akajibu kwa Kipare, na biashara ikaenda bila kukwama, kwa kuwa lugha hizo mbili ni ndugu wa karibu. Kijana wa Kikamba aliyetaka kupunguziwa alikemewa kwa Kikamba cha kuokoteza, wote wakacheka. Adhuhuri ilipoadhiniwa alimwachia turubai jirani yake, mwanamke mwenye msalaba shingoni, akaenda kuswali. Aliporudi, jirani alikuwa ameshampimia mteja maharage, na noti kazibana chini ya jiwe la mizani.

Nilimuuliza kama hapa anajiona yuko ugenini.

“Ugenini gani, mwanangu? Binti yangu kaolewa hapa. Wajukuu zangu ni Wataveta hao. Na baba yao mkubwa kazikwa hapahapa.”

Jibu lile la mwisho nilikuja kulisikia tena kwa vinywa vingine njia nzima, na baada ya muda nikaanza kulidai mwenyewe. Nikishamaliza salamu na habari za mvua, nauliza: nyinyi mnazika wapi?

Wapare wa kaskazini, wa Usangi na Ugweno, wengi ni Waislamu, na Taveta hawatajwi kama wahamiaji. Mpaka ndio uliowakuta. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yalichora mstari kutoka mto Umba ukauzunguka mlima Kilimanjaro, Taveta ikabaki kwa Mwingereza na Upare ukaenda kwa Mjerumani. Misafara ya Waswahili ilikuwa imeshazoea kupumzika katika msitu wa Taveta kabla ya hapo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa 1883 akielekea nchi ya Wamaasai, alifuatana na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pwani ya Pangani aliyeijua njia ile kuliko Mzungu yeyote. Misafara ilinunua vyakula hapa, ikatibu wagonjwa, ikasuka upya shanga za biashara kabla ya kuingia Umaasaini. Mtu wa Pangani aliyeswali chini ya miti ya Taveta miaka hiyo hakuhitaji ruhusa ya mtu isipokuwa ya wazee wa Kitaveta, nao walimpa.

Nimeanza na jambo hili kwa makusudi. Nilipopanda milimani siku za baadaye niliambiwa mara kadhaa kwamba Uislamu ni dini iliyoletwa Taita Taveta na watu wa nje, na nilitaka msomaji ajue tangu mapema ni nani alitangulia.

Salaita na Maktau

Barabara ya lami kutoka Taveta hadi Mwatate inafuatana na reli iliyokufa. Mataruma yamebaki sehemu sehemu, kwingine mchongoma umeshayameza. Waingereza waliijenga reli hii kutoka Voi mwaka 1915 ili wapeleke jeshi mpakani, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914. Mwaka uliofuata wakaisogeza mpaka Kahe, ikakutana na reli yetu ya Tanga na Moshi. Babu zetu wangeweza kupanda gari Tanga na kushuka Voi.

Mlima Salaita ni kilima kidogo cha miiba kando ya barabara. Februari 12, 1916, askari wa Afrika Kusini walikipanda wakidhani hakina kazi, wakarudishwa nyuma vibaya, na waliosimama imara mpaka wenzao wakaondoka salama ni kikosi cha 130 cha Baluchi kutoka jeshi la India. Askari wa kikosi hicho wengi walikuwa Waislamu. Tanga tunawajua wenzao: Novemba 1914 jeshi la India lilishuka ufukweni kwetu, likashindwa, na wengi waliobaki chini hawakurudi Punjab wala Madras.

Makaburi ya vita hivyo yako Taveta, Maktau na Voi, nyasi zimefyekwa, mawe yamenyooka. Yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyohiyo ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika na Wahindi waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa sawa na Wazungu, wengi hata majina yao hayakuandikwa. Miongoni mwa wapagazi waliobeba risasi na unga kwenye njia hii walikuwemo watu wengi wa Pwani, Waislamu. Hakuna jiwe lao hapa la kusomea Fatiha.

Mwatate

Ukikaribia Mwatate, ardhi inabadilika kuwa mistari. Mkonge pande zote mbili, safu baada ya safu, mpaka miguuni mwa milima. Harufu ya singa mbichi zikianikwa nilikua nayo, ningeijua hata nikiwa nimefumba macho.

Wamakonde waliletwa Kenya kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930, wakakata miwa Ramisi na mkonge Kwale, Kilifi na huku Taita Taveta. Baadhi yao ni Waislamu, baadhi Wakristo. Kwetu Tanga Wamakonde wenzao walikuja kwa kazi ileile pamoja na Waha, Warundi, Wanyamwezi na Wangoni. Tuliwaita manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba ya kazi. Mkataba ulipokwisha wengi walibaki, wakaoa, wakajenga, na uhuru ulipokuja wakawa raia pamoja na sisi wengine. Mtoto wa manamba alisoma na mimi darasa moja. Hakuna aliyemtaka aeleze babu yake aliingiaje.

Kwa Wamakonde wa Kenya haikuwa hivyo. Uhuru wa 1963 uliwakuta bila karatasi, na bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti, kusajili simu, kuandikwa kazi yenye mshahara wa maana wala kupiga kura. Wajukuu wa wakata mkonge walizaliwa Kenya, wakazeeka Kenya, wakazikwa Kenya, na serikali ikaendelea kuwahesabu kama watu wa Msumbiji. Oktoba 2016 walishika njia kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Barabara yao ni hii ya Mombasa inayopita Voi. Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza waandikishwe kabla ya mwaka kwisha, na Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa la 44. Wapemba, wavuvi Waislamu ambao wazee wao walihama kisiwa cha Pemba wakaweka madau yao Kwale na Kilifi, walisubiri mpaka 2023.

Mtu wa Tanzania akisikia habari hizi hukaa akiwaza. Sensa yetu ya mwisho iliyouliza kabila ilikuwa ya 1967. Sisemi kwamba sisi ni wema zaidi. Tunayo mashimo yetu, na wakimbizi wa Kigoma wangeweza kuandika daftari lao wenyewe. Ila hapa Kenya nimeona ukiwa nje ya orodha ya makabila unakuwa nje ya nchi, na njia ya kuingia nchini ni kuongezewa namba kwenye orodha. Mzee mmoja wa Kimakonde niliyemkuta akichonga kinu nje ya nyumba yake alinionyesha kadi yake kwa mikono miwili. Nikamuuliza lile swali langu. Akanyoosha kidole upande wa shamba la mkonge: baba yake na mama yake wamelala huko, katika ardhi ya kampuni, na ukitaka kwenda kupalilia unaomba ruhusa getini.

Kadi ameipata. Ardhi ya makaburi bado.

Wundanyi

Kutoka Mwatate matatu inapanda kona kwa kona mpaka baridi inaingia dirishani. Hapa ndipo nilipokaa zaidi, na hapa ndipo maandishi yangu yalipojaa kurasa.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, Mtaita wa kuzaliwa na Mwislamu wa kuzaliwa. Mkewe alitutengea kimanga, mhogo uliopondwa na maharage, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Babu yake alishuka Mombasa ujanani kutafuta kodi ya kichwa, akafanya kazi bandarini, akasilimu huko, na aliporudi milimani alirudi na kanzu, tasbihi na jina jipya. Ukoo haukumfukuza. Lakini haukujua pa kumweka.

Ili kulielewa hilo lazima ujue Wataita wa zamani walivyowahifadhi wafu wao. Mtu mzima akifa alizikwa, na baada ya muda, mwili ukishaoza, jamaa walifukua fuvu wakalipeleka kwenye pango la ukoo na kulipanga pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Yapo mapango hayo mpaka leo katika milima hii, mafuvu yamekaa safu moja juu ya rafu za mawe, yametazama nje. Kulipotokea ukame au ugomvi wa mashamba wazee walikwenda hapo. Aliyekuwa na baba zake katika pango lile alikuwa na haki ya kulima bonde lililo chini yake. Pango lilikuwa hati ya shamba.

Babu yake mwalimu alipofariki, wanawe walimkafini kwa sanda, wakamlaza kwa ubavu wa kulia kuelekea Kibla, wakafukia. Muda wa kufukua ulipofika walikataa. Wazee wa ukoo hawakukasirika kwa sababu ya dini. Walichouliza ni huyu atakaa wapi, na wanawe watashika shamba kwa ushahidi gani? Jambo lilizungumzwa kwa muda mrefu. Mwishowe likakubaliwa hivi: mlima una kaburi lake, na kaburi hilo lihesabiwe kama pango. Mwalimu alinipeleka. Limezungushiwa mawe ya kawaida ya shambani, kando ya migomba, hakuna maandishi.

“Hapa ndipo ninapolima,” akasema, “kwa sababu yeye yuko hapa.”

Kwa hiyo ukoo ulimaliza suala lake. Ambao hawajalimaliza ni watu wa barabarani. Mwalimu anasema maisha yake yote ameulizwa, sokoni, ofisini, hata kwenye harusi za jamaa zake: wewe Mtaita gani unayefunga Ramadhani? Alipokwenda kutafuta kitambulisho ujanani, jina lake la Kiislamu lilimfanya aulizwe kama wazee wake si Waarabu au Wasomali. Akishuka Mombasa, Waswahili nao wanamuuliza, Mtaita na Uislamu wapi na wapi?

Nimelifikiria sana swali hili na ninaona lina dhuluma ndani yake. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla 1883, mwaka uleule Thomson na Kimameta walipokuwa Taveta. Wakatoliki walifungua misheni ya Bura 1892. Kanisa lilikuja kutoka ng'ambo ya bahari, likapiga vita mafuvu, likawapa watu majina ya Kiingereza na Kilatini, likajenga shule. Mtaita anayeitwa jina la mtakatifu wa Italia haulizwi katoka wapi, wala asiulizwe. Dini ile imeshaota mizizi na watu wake ni wenyeji. Ninachouliza ni kwa nini jina la Kiarabu lihesabiwe kuwa la safari na jina la Kilatini kuwa la nyumbani, wakati yote mawili yalipanda mlima kwa njia moja katika kizazi kimoja. Sehemu ya jibu ni shule. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na Mtaita Mwislamu aliyetaka mwanawe asome alilazimika kumweka chini ya kanisa au ampeleke kwa jamaa mjini. Wengi waliteremka. Waliobaki milimani wakawa wachache, na mtu akiwa mchache katika kijiji chake huanza kuonekana mgeni.

Watoto wa mwalimu wako Voi, Mombasa, na mmoja Doha. Huyo wa Doha hupiga simu kila Ijumaa na kuzungumza na mama yake kwa Kidawida, lugha ya Wataita, makusudi, ili wajukuu wasikie.

Voi

Voi ni mji wa reli. Tangu Waingereza walipoanza kutandika njia kutoka Mombasa mwaka 1896 hadi ilipogusa ziwa huko Kisumu 1901, watu zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walikufa, kwa homa, ajali na maradhi ya tumbo. Dunia inawakumbuka wachache walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898, kwa kuwa mhandisi wa reli, Patterson, aliwaua simba wale na kuandika kitabu, na ngozi zao mpaka leo zimesimamishwa katika jumba la makumbusho Chicago. Wengi wa waliopona walirudi kwao mkataba ulipokwisha. Wasiofika 7,000 walibaki, na baadhi yao wakawa mafundi, makarani na wenye maduka ya miji midogo kama huu.

Nilifika Voi siku ya Alhamisi, kesho yake nikaswali Ijumaa mjini. Msikiti ulijaa mpaka mikeka ikatandikwa nje. Karibu yangu kulia alikaa dereva wa lori Msomali aliyevaa msuli, kushoto mwanafunzi wa Kitaita mwenye sare ya shule, mbele yangu mzee wa Kihindi aliyeletewa kiti. Hotuba ilikuwa kwa Kiswahili, sheikh akisema Kiswahili cha Mombasa. Viatu mlangoni vilikuwa vya kila aina, na kwenye ndala mbili tatu nikaona jina la mwenyewe limechomwa kwa msumari wa moto, kama tunavyofanya Tanga.

Niliwahi kukaa kwa jamaa zangu Maskati, Ruwi, miongoni mwa Waomani waliotoka Unguja na Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964, au walioitikia mwito wa Sultani Qaboos baada ya 1970. Kule dini ni moja, ukoo unajulikana, makabila yao ya Kiarabu yameandikwa katika pasipoti. Kinachowatenga ni ulimi. Wanapozungumza Kiswahili sokoni wanaitwa Wazanzibari hata wale waliozaliwa Maskati, na mabibi bado wanakaanga mahamri alfajiri. Voi mambo yamepinduka. Ulimi ni mmoja. Mpare, Mtaita, Mkamba, Mhindi na Msomali wote wanapatana bei kwa Kiswahili. Kinachomtenga mtu hapa ni jina lake na msikiti wake, na hasa akiwa na sura inayodhaniwa ni ya kaskazini. Jamaa zangu wa Maskati wangefika Voi wangeoga raha ya kusikia lugha yao kila mahali, kisha ofisini wangekutana na swali jingine kabisa.

Swali hilo Kenya wanaliita kupigwa msasa. Kijana Mkristo wa Voi akifika umri wa miaka kumi na minane anapeleka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Vijana wengi Waislamu wa Pwani, Wanubi wa Kibera na Wasomali wameeleza kwa miaka mingi kwamba wao huongezewa: leta cha babu, njoo mbele ya kamati ya wazee, rudi wiki ijayo. Msomali wa Kenya ana historia yake nzito zaidi. Mwishoni mwa 1989 serikali iliwaandikisha Wasomali wote wa nchi upya ili kuwachuja, ikawapa kadi ya pekee ya kubeba juu ya kitambulisho. Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa msasa huo wa ziada. Wapo waliokasirika, wakisema usalama wa mpaka umeuzwa. Kwa upande wangu naona raia asiulizwe mara mbili kile ambacho jirani yake anaulizwa mara moja.

Voi kuna mahakama ya Kadhi, na ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wa kaunti nzima zinaweza kuamuliwa hapo kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Niliketi nje kwenye benchi pamoja na waliokuja na kesi zao. Mjane mmoja kutoka upande wa Taveta alikuwa na faili la mirathi lenye karatasi za nchi mbili, maana marehemu aliacha shamba Kenya na nyumba Mwanga. Dada wa marehemu alikuwa amekaa benchi lilelile, hawasemeshani, lakini mtoto mdogo alikuwa akitoka mapajani mwa mmoja kwenda kwa mwingine. Nikaona kwamba wageni hawaburutani hivi juu ya ardhi. Ugomvi wa mirathi ni wa watu ambao wameshakuwa wa mahali.

Maungu na Bachuma

Kuanzia Maungu nchi inakuwa tambarare, kavu, ya migunga na udongo mwekundu. Kati ya ardhi yote ya kaunti hii asilimia 62 ni mbuga ya Tsavo. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ranchi na mashamba ya mkonge. Mkulima wa Kitaita amebanwa kwenye kipande kilichobaki, ndovu wanamvunjia uzio usiku, na miaka ya karibuni wafugaji wa kaskazini wameingia ranchi na ng'ombe na ngamia, wengine kwa kukodi kwa wenye hisa, wengine bila kumwomba mtu. Ngamia wakiingia kwenye mbaazi za mtu, msimu umekwisha. Malalamiko hayo niliyasikia Kasigau na Maungu na ni ya haki. Ila yakifika kwenye mikutano yanabadilika jina: inakuwa “Wasomali”, halafu “Waislamu wa nje”, na mwenye hisa wa ranchi aliyepokea kodi hatajwi.

Karibu na Bachuma, kwenye eneo la karantini ya mifugo ambako ng'ombe wa kaskazini wamekuwa wakipitishwa kwenda Pwani kwa miaka mingi, nilikunywa maziwa ya ngamia kwa kijana mchungaji. Mtungi wake ulikuwa umefukizwa moshi ndani, maziwa yanakuja na ladha ya kuni. Alizaliwa Garissa, ana kitambulisho cha Kenya, Kiswahili chake kizuri kuliko cha madereva wengi. Nikamuuliza wanazika wapi.

“Pale tulipo siku hiyo, ami.”

Mpwa wake alifariki kwa nyoka msimu uliopita. Walimswalia wanaume sita, wakamzika ndani ya ranchi, wakaweka mawe kichwani na miguuni. Mkataba wa malisho ukaisha, wakahamishwa. Sasa wamerudi upande wa pili wa uzio, na mama wa marehemu akitaka kuzuru lazima amlipe mlinzi.

Mackinnon Road

Kaburi la Sayyid Baghali liko ndani ya msikiti wa Mackinnon Road, kando kabisa ya reli ya zamani. Husimuliwa kwamba alikuwa msimamizi wa vibarua kutoka Punjab wakati wa kutandika njia, mcha Mungu, na kwamba karai la udongo alilobeba lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa garimoshi waliambiana wapunguze mwendo wapitapo. Siku hizi wanaosimama ni wa mabasi na malori. Wanafika Waislamu, Wahindu, Wakristo, wanasoma walichonacho, wanatia sadaka. Kwenye reli hiyohiyo, upande wa Nairobi, Makindu, kuna hekalu la Kalasinga lililojengwa 1926 ambalo mpaka leo humlisha kila msafiri bure. Reli moja ya mateso iliacha nyumba mbili za ukarimu, na zote mbili ni za watu waliokuja kwa mkataba wa kazi.

Utingo wa basi letu, kijana wa Kikamba, alishuka nasi akatia noti yake. Nilimuuliza kama anajua marehemu alitoka wapi.

“Huyu? Huyu ni wa hapahapa Mackinnon.”

Mji huu uko chini ya Kwale, na Taita Taveta wanasema mpaka ulichorwa vibaya, Mackinnon ni wao. Ugomvi umeendelea miaka na miaka, na kinachogombaniwa ni ushuru wa barabara kuu, viwanja na kura. Nimesikiliza hoja za pande mbili kwenye vibanda vya chai hapa. Kila upande unamhesabu Sayyid Baghali kuwa miongoni mwa vitu vyake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtaka kitambulisho cha babu yake. Wakati huohuo, mwendo mfupi nyuma kwenye barabara hiyohiyo, raia wa Kenya analipa mlinzi ili aone kaburi la mtoto wake. Wenye ranchi, kaunti na wazee wa wafugaji wanakutana kila ukame kujadili kodi ya malisho. Katika mikutano hiyo waweke pia kipengele cha makaburi: yaandikwe yalipo, na njia ya kuyafikia iachwe wazi kwa wenyewe, mkataba uwepo au umekwisha.